Kwaya Kwenye Maporomoko ya Maji
Dominika ya 16 ya Mwaka B (Mk 6:30-34)

Wapendwa wasikilizaji, mitume wamerudi kutoka kazini. Wamehubiri, wamepaka wagonjwa mafuta, na watu wanaokuja na kwenda ni wengi hata wao wamekosa nafasi ya kula. Bwana haongezi kazi. Anawaingiza mashuani wajitenge naye, wapumzike kidogo. Basi asiwepo mtu wa kumlaumu Mkristo anayefunga mzigo wake akaenda mahali pazuri kutuliza moyo. Ruhusa hiyo imetoka kwa Bwana mwenyewe. Lakini tusome mpaka mwisho. Wanaposhuka ufuoni wanakuta umati umewatangulia kwa miguu, na Yesu, badala ya kukasirika, anawahurumia.

Watunzi wa nyimbo na mashairi wanaifahamu sana hamu hiyo ya kujitenga. Padre Gerard Manley Hopkins, Mjesuiti Mwingereza, alikuwa akihudumu Glasgow, mji wa viwanda, mwaka 1881. Siku moja ya Septemba alitoka mbio hadi Inversnaid, kando ya ziwa Loch Lomond huko Uskoti, mahali ambapo kijito kinaporomoka mwambani na kuingia ziwani. Hali ya hewa ilikuwa ya giza, wala hakukaa sana. Alirudi na shairi la beti nne tu, ambalo lilichapishwa mwaka 1918, miaka 29 baada ya kifo chake. Naye mzaburi, karne nyingi kabla yake, alisimama katika nchi ya Yordani na Hermoni, kwenye chemchemi na maji yaangukayo kwa kishindo. Watu wengi wanaiimba Zaburi ya 42 kwa ajili ya yule ayala mwenye kiu, wakasahau kwamba mzaburi huyo aliyelilia maji, alipoyakuta maji mengi aliona kama mawimbi yanapita juu ya kichwa chake. Hakuwa mtalii. Alikuwa mtu aliye mbali na Hekalu, anayeulizwa kila siku Mungu wake yuko wapi, na mngurumo ule ukampa maneno ya kuusema uchungu ambao tayari alikuwa nao moyoni.

Hayo yananikumbusha habari niliyosimuliwa na mwalimu wa kwaya wa parokia moja upande wa Tanga. Parokia ilikuwa ikijiandaa kwa jubilei, naye alitakiwa kutunga wimbo mpya wa kumsifu Muumba. Kila alichoandika kilifanana na nyimbo ambazo watu wamekwisha kuzichoka. Akaona waende mahali ambapo kazi ya Mungu inaonekana na kusikika. Wanakwaya wakachanga nauli, wakakodi Kosta, wakaondoka alfajiri: Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, milima ya Usambara na kisha ya Upare ikiwa mkono wa kuume njia nzima. Pale Himo wakaiacha barabara kuu, wakapanda kuelekea Marangu, kwenye migomba na kahawa na mifongo ile ambayo Wachagga waliichimba tangu zamani kuyapeleka maji mashambani. Waliimba mpaka sauti zikakauka. (Dereva, naambiwa, aliimba besi kuliko mabesi wenyewe.)

Walifika kwenye maporomoko ya Kinukamori. Si marefu kama yale ya Materuni kule Uru, lakini ni mazuri: maji yanajitupa kati ya miti, chini kuna bwawa, na manyunyu yanakulowesha uso ungali mbali. Mwalimu alikuwa na daftari lake tayari. Wengine walipiga picha.

Hapo kijana mwenyeji aliyewaongoza akawasimulia kisa ambacho wazee wa Marangu husimulia juu ya mahali pale. Palikuwa na msichana, jina lake Makinuka, aliyepata mimba kabla ya ndoa. Kwa desturi ya wakati ule aliogopa adhabu ya kifo, naye akaona heri ajiue. Akaja mpaka ukingoni mwa maporomoko. Aliposimama pale akageuza nia. Akataka kuishi, akageuka arudi nyumbani. Lakini nyuma yake alikuwako chui. Kwa hofu akarudi kinyumenyume, akaanguka.

Mwalimu anasema kwaya ilinyamaza, wala si kwa sababu ya uzuri wa maji. Katika sauti ya kwanza alikosekana binti mmoja. Mwanzoni mwa Kwaresima ilijulikana kwamba ni mjamzito, na kamati, kwa mujibu wa katiba ya kwaya, ikamwagiza arudishe sare. Alirudisha, imefuliwa na kupigwa pasi. Tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda kwao. Mama mmoja wa sauti ya pili akauliza, maji yakiendelea kunguruma, "Na wetu je, amekwenda kuonwa na nani?"

Ndugu zangu, sibishani na nidhamu. Kikundi kisicho na utaratibu hakidumu, na dhambi hatuibatizi jina jingine. Ila katiba inayodai sare haimkatazi mtu yeyote kubisha hodi. Tazameni pia jambo hili katika kisa cha Makinuka: msichana alikuwa amekwisha kugeuka. Toba, kwa lugha ya Maandiko, ndiyo hiyo, kugeuka. Kilichomponza ni kile alichokikuta nyuma yake alipogeuka. Katika vigango vyetu chui hawapo tena, lakini binti anayetaka kurudi kanisani hukutana na macho ya benchi zima, na minong'ono mlangoni, na jumuiya ndogo ndogo inayohamisha sala isifanyike nyumbani kwao. Makatekista mnaonisikiliza mnayajua haya kuliko mimi, kwa kuwa ninyi ndio mnaoishi nao mlango kwa mlango.

Kosta ilirudi usiku bila nyimbo nyingi. Jumanne jioni yule mama na wenzake wawili walikwenda. Walimkuta binti akichambua maharage uani na mama yake. Hawakupeleka ujumbe wowote wa kamati. Walipeleka sukari na sabuni, wakaketi. Baada ya kimya kirefu aliuliza swali moja, kama wimbo wa jubilei umekwisha kupatikana.

Ulikuwa bado. Ulikuja wiki mbili baadaye, na mwalimu anasema daftari alilolibeba mpaka Marangu halikumsaidia kitu, kwani ukurasa ule ulikuwa na neno moja tu, jina la Makinuka. Ndani ya wimbo hakuna maporomoko hata mara moja. Unamhusu mtu aliye ukingoni, ambaye anasikia jina lake likiitwa kwa sauti asiyoiogopa. Sauti ya kwanza ilikuwa ngumu kushika, hivyo yule mama akawa anaipeleka nyumbani kwa binti kila jioni baada ya mazoezi.

Siku ya jubilei alikuja na mtoto mgongoni, amevaa kitenge, akasimama mwisho wa mstari wa sauti ya kwanza. Msichana aliye karibu naye akasogea kidogo kumpa nafasi, wakaimba. Suala la sare, niliposikia mara ya mwisho, lilikuwa bado mezani kwa kamati.