Saa ya Sala

Ndugu watumishi wenzetu, kengele ya ofisi hatuikosi. Bali sala tunaiahirisha hata usingizi utushike, kisha twasema kazi ni nyingi. Na tukumbuke habari ya ziwa letu. Mwaka 1882 Mapadre Weupe waliondoka Buganda, na mwaka 1883 wakakaa Bukumbi, karibu na Mwanza. Waumini wao waliachwa bila padre hata mwaka 1885. Yosefu Mukasa, mtumishi katika nyumba ya mfalme, ndiye aliyewakusanya wenzake kusali na kufundishana. Mapadre waliporudi walikuta moto haujazimika. Novemba 1885 Mukasa aliuawa. Yeye kazi haikumzuia, sisi je? Tuanze na dakika kumi alfajiri, kila siku, hata moyo ukiwa mkavu.