Karakana ya Pamoja Mkokotoni: Tukitoa Mashine, Tutoe na Matunzo Yake

(Maneno ya Kamati ya Fedha katika mkutano wa mwaka wa jumuiya)





Kamati ya Fedha imepewa dakika chache kueleza jambo ambalo jumuiya inaliombea mchango mwaka huu: karakana ya pamoja ya mafundi hapa Mkokotoni. Wenzetu wa ujenzi wameshaeleza habari ya jengo. Sisi tunaoshika daftari tutasema habari ya pesa, tena zile pesa ambazo watu hawana hamu ya kuzisikia.

Mji wetu haukosi mafundi. Anayeshuka bandarini asubuhi, vyombo vya Tumbatu vinapoingia na samaki wanaponadiwa, anaona kazi za mikono kila upande. Huku chombo kimelazwa pwani kinatiwa kalafati, kule kijana amefungua mashine ya boti, na mama zetu wanaanika dagaa. Majumbani kuna washoni, wasuka ukili na wanaodarizi kofia. Wazee wa kaskazini wameunda ngalawa na mashua kwa tezo, keekee, randa na patasi, na Nungwi kazi hiyo inaendelea mpaka leo. Magofu ya Makutani, Tumbatu, yanatukumbusha kuwa watu wa huku walikuwa wakijenga kwa mawe na chokaa karne nyingi zilizopita.

Tena tuna Kituo cha Mafunzo ya Amali hapa hapa Mkokotoni, chini ya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ya Zanzibar. Kijana anaingia, anajifunza fani yake kwa mashine za kituo, anatoka na cheti. Baada ya hapo anarudi nyumbani na cheti chake na nyundo moja. Ujuzi anao, chombo hana. Akipata kazi ya mlango au kitanda, anabeba mbao mpaka mjini kuzirandisha, na nusu ya faida inaishia kwenye nauli na ujira wa mashine ya mtu. Wengine huchoka, wakaacha fani na kwenda kutafuta kazi ya ulinzi mahotelini. Hoteli za Nungwi na Kendwa hazipo mbali na sisi, na kila siku zinahitaji vitanda, viti, milango na mapazia. Mtu wetu analinda geti, na kiti kilichopo ndani ya geti kimetengenezwa kwengine.

Karakana ya pamoja inajibu tatizo hili kwa njia rahisi. Seremala mmoja anaihitaji mashine ya kuranda saa mbili au tatu kwa wiki. Siku zilizobaki inakaa. Hakuna haja ya kila fundi kununua yake. Mashine moja, ikitunzwa na kupangiwa zamu, inawatosha mafundi wengi. Hivyo tumekusudia chumba cha mbao chenye mashine ya kuranda, msumeno wa duara na meza za kazi. Chumba cha vyuma chenye mashine ya kuchomelea, drili ya kusimama, grinda na jiriwa. Sehemu ya kufungulia mashine za boti na kuziba boti za faiba. Na chumba cha vyerehani. Kinamama wa Kidoti na vijiji vya jirani wanaotengeneza sabuni ya mwani watapata mahali pa kuundiwa vifaa vyao, na wanaoanika dagaa wataweza kuagiza chanja imara hapa hapa.

Jambo hili si geni. Kinyasini, ndani ya Wilaya yetu hii ya Kaskazini A, chuo cha Barefoot kimewafundisha kinamama wa vijijini, wengine hawakupata skuli ya kutosha, kuunganisha na kutengeneza taa za umeme wa jua. Arusha kuna karakana inayoitwa Twende, ambako mwananchi wa kawaida anafundishwa kubuni na kuunda chombo cha kumrahisishia kazi yake. Mmoja wa waanzilishi wake, Bernard Kiwia, alikuwa fundi baiskeli aliyejulikana kwa kuunda chaja ya simu inayoendeshwa na baiskeli. Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa ufukweni na kuyeyushwa ikawa mbao, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri mpaka hapa Unguja. Mikono iliyozoea mti iliweza kuunda kwa plastiki, kwa sababu palikuwa na mahali pa kufanyia kazi na vifaa vya kufanyia.

Sasa tuje kwenye hesabu. Hizi tarakimu ni za mfano tu, ili tuelewane. Bei kamili zitaletwa na kamati ya ununuzi.

Tuseme mashine na vifaa vyote vimegharimu shilingi milioni 20, na vitadumu miaka 8. Maana yake, kila mwaka mashine zinakula milioni 2 na laki 5 za thamani yake, hata kama hakuna aliyetoa pesa mfukoni. Tuseme pia umeme, meno ya misumeno, msasa, vijiti vya kuchomelea, grisi, matengenezo na mshahara wa msimamizi ni laki 5 kwa mwezi, yaani milioni 6 kwa mwaka. Jumla ni milioni 8 na laki 5 kila mwaka. Katika miaka 8, pesa za uendeshaji peke yake ni milioni 48, zaidi ya mara mbili ya bei ya mashine zenyewe.

Upande wa mapato, tuseme wamejiandikisha mafundi 40, kila mmoja analipa ada ya shilingi 10,000 kwa mwezi. Hiyo ni milioni 4 na laki 8 kwa mwaka. Bado panapungua milioni 3 na laki 7. Fundi angelipa gharama yote, ada yake ingekaribia shilingi 18,000 kwa mwezi. Aliyekwisha kusimama ataimudu, lakini kijana aliyetoka kituoni jana hawezi, na karakana hii tunaijenga kwa ajili yake. Hilo pengo ndilo tunalokuja kuliombea kwenu.

Tunajua ilivyo. Mtu anapenda kutoa kitu kinachoonekana. Anapenda kununua mashine, kubandika kibao chenye jina la marehemu baba yake, na kupiga picha. Hatumlaumu, ni sadaka njema. Lakini hakuna anayebandika kibao kwenye kopo la grisi, na upepo wa bahari wa hapa kwetu unakula chuma kuliko tunavyodhani. Mashine isiyopakwa mafuta msimu mmoja tu, kutu imeshaingia. Sote tumeona mahali fulani kisima kilichofunguliwa kwa shangwe na leo pampu yake imelala, kwa sababu siku ya ufunguzi hakuna aliyeuliza nani atalipia kipuri.

Wazee wetu walilijua hili kabla yetu. Mtu akijenga msikiti aliweka wakfu na minazi, au shamba, au nyumba ya kupangisha. Mapato yake ndiyo yaliyonunua mafuta ya taa, mikeka, na kamba ya ndoo kisimani. Aliyetoa minazi hakuonekana kuwa mdogo kuliko aliyetoa mawe. Karakana nayo inahitaji minazi yake. Hili ndilo ombi letu kubwa: katika kila shilingi 100 tutakazokusanya mwaka huu, 60 ziende kwenye vifaa na 40 ziwekwe katika akaunti ya matunzo, isiyoguswa kwa jambo jingine lolote.

La pili ni umeme. Hatujasahau mwaka 2008, Unguja ilipokaa gizani karibu mwezi mzima, wala ile miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa chini ya bahari ulipowashwa mwaka 2013 hali ilibadilika sana, lakini funzo linabaki. Vifaa vya mkono tutavinunua mwanzo: misumeno, randa, patasi, jiriwa, mawe ya kunolea. Mashine kubwa zitafuata baada ya kuona mafundi wanazitaka zipi. Umeme ukikatika, kazi isisimame yote.

La tatu ni ufunguo. Karakana ya wote ikishikwa na mtu mmoja inageuka ya kwake. Kutakuwa na msimamizi mwenye ujuzi, daftari la kuingia na kutoka, na orodha ya vifaa itakayohesabiwa kila mwisho wa mwezi. Mgeni wa mashine hatoigusa mpaka aoneshwe namna ya kuitumia, na bila miwani ya kinga hachomelei mtu. Siku na saa za kinamama zitapangwa pamoja nao. Ndugu zetu wa Tumbatu watapewa zamu zinazolingana na safari za vyombo vyao, maana wao wanafuata maji kujaa na kupwa. Na hesabu zitabandikwa ukutani kila miezi mitatu, mapato na matumizi, asome anayetaka.

Kwa ndugu zetu mlioko Oman, Uingereza na kwengine, tuna neno dogo. Kabla hujapakia mashine kwenye kontena, tuulize. Mashine za Marekani na Kanada zimeundwa kwa umeme wa volti 120, na wetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja inaungua. Na mashine ambayo kipuri chake hakipatikani Darajani wala Kariakoo itatushughulisha kuliko kutusaidia. Kutuma pesa au kununua kwa orodha yetu ni bora zaidi.

Njia za kuchangia ni tatu. Unaweza kutoa kifaa kutoka kwenye orodha. Unaweza kutoa ahadi ya kila mwezi kwa akaunti ya matunzo, hata ikiwa shilingi 5,000. Ahadi ndogo inayotimizwa inatufaa kuliko kubwa ya siku moja ya karamu. Au unaweza kumlipia kijana mmoja ada ya mwaka wake wa kwanza, shilingi 120,000 kwa ule mfano wetu, mpaka asimame mwenyewe. Wazee mafundi ambao hamna pesa, tunawaomba saa zenu. Kijana atakayesimama karibu yako ukishika tezo atapata elimu isiyonunulika dukani.

Sadaka yenye kuendelea ni ile inayobaki ikifanya kazi baada ya mtoaji kuondoka. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie karakana hii iwe ni hiyo, azikubali sadaka zenu na awarehemu wazee wetu waliotangulia.