Jua, Vumbi na Rangi ya Motokaa

Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyoandikwa kwa ajili ya wenye magari wa Eldas na sehemu nyingine kavu za Kaunti ya Wajir. Tumeyapiga chapa humu kwa kuwa yatawafaa hata wasomaji walio mbali na huko.



Nataka kuzungumza nanyi juu ya rangi ya motokaa. Najua pengine mzee mmoja atacheka moyoni na kusema, "Ngamia wetu hawana maji, na huyu atuletea habari za rangi!" Namwomba anistahimilie, kwani neno langu ni neno la mali.

Katika nchi hii mtu hanunui motokaa kwa anasa. Huuza ngamia kadhaa, ndugu wakachanga, kisha gari hilo likawa la ukoo mzima. Ndilo limpelekalo mama mjamzito hospitali, ndilo liletalo unga na maji. Na siku ya shida huuzwa kama auzwavyo mnyama. Sasa, mnunuzi wa ngamia hutazama nundu kwanza, na mnunuzi wa gari hutazama rangi kwanza.

Jambo hili nililijua kwa hasara. Mimi na kaka yangu tulikuwa na gari jeusi, na kila asubuhi nililifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, nikijiona mtunzaji hodari. Mwaka 2022, mvua zilipokuwa zimekosekana msimu baada ya msimu tangu mwisho wa mwaka 2020, ilitubidi tuliuze ili tulipe karo. Mnunuzi alilizunguka mara moja tu. Boneti ilikuwa imejaa mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui, na paa lilikuwa limebabuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Injini ilikuwa nzima, lakini hakutaka hata kuisikiliza. Alipunguza bei, nasi tukakubali, kwa kuwa mwenye shida hachagui.

Basi, kwanza yafaa tujue rangi ya gari ni kitu gani. Si tabaka moja. Chini kabisa, juu ya chuma, ipo rangi ya kuzuia kutu. Juu yake rangi ya kulainisha. Kisha ile rangi tuionayo, nyeupe au nyekundu. Na mwisho, katika magari mengi ya siku hizi, lipo tabaka lisilo na rangi, ling'aalo kama kioo, mfano wa vanishi ya seremala. Tabaka zote hizo pamoja unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, au kuzidi kidogo. Huo ndio ukuta wote ulio baina ya chuma chako na dunia. Ukiisha, haujiotei tena kama ngozi ya mnyama.

Ukuta huo una maadui wanne.

Adui wa kwanza ni jua. Eldas ipo karibu na Ikweta, kaskazini yake kidogo, na mwisho wa Machi na katikati ya Septemba jua la adhuhuri husimama juu ya utosi. Kwa hiyo paa na boneti ndizo hufa kwanza, na milango hufuata. Katika mwanga wa jua imo miali isiyoonekana kwa macho, nayo huvunjavunja ule utomvu uliogandisha rangi. Mwanzo wake ni mng'ao kupotea. Kisha huja mabaka meupe. Mwisho tabaka la juu hubanduka vipande vipande. Gari jeusi hupata joto zaidi kuliko jeupe, na rangi nyekundu hupauka upesi. Anayetaka kununua gari la kukaa huku, rangi nyeupe itamfaa.

Adui wa pili ni vumbi. Msidhani vumbi ni unga mlaini. Ndani yake imo mchanga iliyo migumu kuliko rangi, na ukilifuta kavu umeisugua gari kwa msasa. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu.

Adui wa tatu ni ndege, na rafiki yake ni mti. Tunapenda kuegesha chini ya mgunga kwa ajili ya kivuli, lakini mgunga hudondosha utomvu, na juu yake hulala ndege. Watu wa Garissa wanawajua wale korongo wakubwa wenye vipara, waitwao marabu. Kinyesi cha ndege kina asidi. Tena, rangi hulainika kwa joto la mchana na kukaza kwa baridi ya usiku; basi ikikaza na kinyesi kikiwa juu yake, hubaki alama isiyotoka. Kiondoe siku hiyo hiyo. Kiloweshe kwa kitambaa chenye maji mengi, kingoja kilainike, kisha kiinue taratibu bila kusugua.

Adui wa nne ni maji yenyewe. Mtu wa Mombasa huogopa chumvi ya bahari, na sisi tuna chumvi ya visima. Maji mengi ya visima vya Wajir yana chumvi na chokaa. Ukilimwagia gari mchana, maji hukauka kabla hujayafuta, na chokaa hubaki madoa meupe yanayong'ang'ania.

Sasa tuje kwenye dawa, nayo haihitaji fedha nyingi.

La kwanza ni banda. Nguzo nne, mabati machache au mikeka imara juu, vimetosha. Paa lisiguse gari. Upande wa mashariki na wa magharibi tundikeni mikeka au turubai, kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni hupenya chini ya paa. Zungusheni na miiba, maana mbuzi hupenda kupanda juu ya boneti, na kwato zake hazina huruma. Lakini msilifunike gari lenyewe kwa turubai gumu. Upepo hulitikisa, na vumbi lililo chini yake husaga rangi usiku kucha. Kifuniko kiwe chenye kitambaa laini ndani, kifungwe barabara, na gari liwe safi kwanza.

La pili ni kuosha. Najua maji ni ya watu kwanza, kisha ya mifugo. Gari ni la mwisho, na wakati wa ukame mkali livumilie uchafu wake. Heri gari lenye vumbi lisiloguswa kuliko gari lililofutwa kavu. Yakipatikana maji, mtungi mmoja wa lita 20 watosha. Yagawe katika ndoo mbili, moja ya kuoshea na moja ya kusuuzia kitambaa. Osha alfajiri baada ya sala, bati likiwa baridi. Anza juu, ushuke chini, kisha kausha mara moja. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paa la mabati ndiyo bora, kwa kuwa hayana chokaa. Sabuni ya unga ya kufulia iacheni, kwani huondoa nta. Na mafuta ya taa au dizeli msipake kamwe. Hung'arisha kwa saa moja, kisha hunasa vumbi na kuharibu mipira ya madirisha.

La tatu ni nta ya magari. Nyingine hutengenezwa kwa nta ya majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mitende. Ipake gari likiwa safi na baridi, kila baada ya miezi michache, na paa na boneti zipate zaidi. Haizuii jua lote, lakini kinyesi na chokaa havishiki upesi.

La nne, kila jiwe la barabarani linapobandua rangi na chuma kikaonekana, safisha pale na upake tone la rangi kabla ya mvua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ndugu zangu, hakuna mfugaji aachaye kidonda cha ngamia kiingie funza ati kwa sababu ngamia bado anatembea. Na motokaa ni vivyo hivyo. Itazameni leo, ingali nzima, ili siku ya shida ikifika mpate thamani yenu kamili.