JE, HUYU NI MWIZI? Namna Sheria Inavyopambanua Makosa ya Mali

Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hudhani amelijua tangu utoto wake, yaani wizi. Katika lugha yetu, aliyechukua kuku usiku ni mwizi. Aliyemtishia mpita njia kwa panga akatwaa fedha zake ni mwizi. Aliyeuza shamba lisilo lake ni mwizi. Na karani aliyekula fedha za chama ni mwizi vilevile. Neno ni moja, na hasira yetu ni moja. Lakini sheria huwagawa watu hao wanne katika mafungu mbalimbali, na kila fungu lina jina lake, ushahidi wake na adhabu yake. Kazi yangu ni kutafsiri, nami nimejifunza kwamba neno moja likiwekwa mahali pasipo pake, mwenye haki aweza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Kitabu chenye mambo haya katika Kenya ni Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1930 mahali pa sheria ya jinai ya Bara Hindi iliyokuwa ikitumika kabla yake. Imerekebishwa mara nyingi tangu siku hiyo, lakini nguzo zake kuhusu mali zingali zimesimama.

Na tuanze na wizi wenyewe. Sheria husema kwamba mtu ameiba akichukua kitu kiwezacho kuibwa, kwa nia ya hila, pasipo kuwa na dai la haki juu yake. Au akikigeuza kitu alichokabidhiwa kiwe cha matumizi yake au ya mtu mwingine asiye mwenyewe. Yapimeni maneno hayo moja moja. Kitu chenyewe lazima kiwe cha kuhamishika, na mtu hahesabiwi kuwa amekichukua mpaka akisogeze, ijapokuwa ni kidogo tu. Kwa hiyo ardhi yenyewe haiibwi, kwa kuwa haihamishiki. Bali mti ukikatwa au mahindi yakivunjwa shambani kwa nia ya kuibwa, hivyo huibwa. Tena anayechukua mbuzi akiamini kwa moyo safi kwamba ni wake si mwizi, hata ikiwa amekosea, kwa maana hana nia ya hila.

Je, aliyeokota? Ukiokota kitu njiani, nawe humjui mwenyewe, tena una sababu ya haki ya kuamini kwamba hawezi kupatikana, hujaiba ukikitumia. Lakini ukiokota mkoba wenye kitambulisho chenye jina na picha ya mwenyewe, kisha ukazitumia fedha zilizomo, usiseme, "Nimebahatika." Na katika siku hizi za kutumiana fedha kwa simu, sheria ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta imesema wazi kwamba anayezuia kwa makusudi malipo yaliyomfikia kwa makosa, ambayo yapasa kumfikia mwingine, amefanya kosa.

Sasa nawaomba mnisikilize sana, kwa maana hapa ndipo watu wengi wema walipoangukia. Karani wa chama cha ushirika ana ufunguo wa sanduku la fedha. Mtoto wake amefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Karani anatoa fedha za wanachama, akisema moyoni, "Nitazirudisha mwisho wa mwezi." Kabla ya mwisho wa mwezi mkaguzi wa hesabu anafika. Karani analia, "Sikuiba, niliazima tu!" Huenda anasema kweli kabisa, kwamba alikusudia kurudisha. Lakini sheria imekwisha kumjibu: katika habari ya fedha, kuzichukua kwa nia ya kuzitumia upendavyo ni nia ya hila, hata kama ulikusudia kuzilipa baadaye. Aazimaye huomba ruhusa ya mwenye mali; yule karani alijipa ruhusa mwenyewe. Tena adhabu yake yaweza kuwa nzito kuliko ya mwizi wa kawaida. Wizi wa kawaida una kifungo kisichozidi miaka 3. Karani au mtumishi akiiba mali ya mwajiri wake, kifungo chaweza kufika miaka 7, kwa sababu amevunja uaminifu pamoja na kuiba.

Mifugo nayo ina fungu lake. Aibaye ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda au ngamia aweza kufungwa hata miaka 14. Aliyeitunga sheria alijua kwamba katika nchi hii ng'ombe ni benki ya mtu, ni mahari, ni maziwa ya watoto.

Kuvunja nyumba ni kosa jingine, tofauti na wizi. Mtu akivunja na kuingia nyumba wakaapo watu kwa nia ya kutenda kosa kubwa, amekwisha kukosa hata kama hakuchukua kijiko. Mchana kifungo hakizidi miaka 7. Usiku hakizidi miaka 10. Na usiku wa sheria huanza saa kumi na mbili na nusu jioni, ukaisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Wizi ukichanganyika na nguvu huitwa unyang'anyi. Si lazima damu imwagike. Kutisha tu kwatosha, ikiwa kumefanywa wakati wa kuiba, au mara kabla yake, au mara baada yake, ili kuipata mali au kuishika. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 14. Bali mnyang'anyi akiwa na silaha ya hatari, au akiwa pamoja na mwenzake mmoja au zaidi, au akimpiga au kumjeruhi mtu, sheria imeandika hukumu ya kifo. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, lakini hukumu hiyo ingali imo kitabuni. Kijana anayefuatana na wenzake usiku "kwa kutazama tu" na ayaweke maneno hayo moyoni.

Tuje kwa mlaghai. Mwizi huchukua, mlaghai hupewa. Wewe mwenyewe umempa mali yako kwa mkono wako, kwa kuwa alikudanganya. Kosa hili huitwa kupata mali kwa uongo, na kifungo chake hakizidi miaka 3. Lakini angalieni: uongo wenyewe lazima uwe juu ya jambo lililopita au lililopo sasa, na msemaji awe ajua kwamba si kweli. Mtu akikuambia, "Shamba hili ni langu," naye ajua si lake, ukampa fedha, hilo ni kosa la jinai. Lakini akikuambia, "Nipe fedha leo, mwezi ujao nitakununulia ng'ombe mnadani," kisha asimnunue, hiyo ni ahadi iliyovunjwa. Mahakama zetu zimekwisha kuamua kwamba ahadi ya jambo lijalo haitoshi kuthibitisha shtaka hili.

Basi mtu asiyelipa deni si mwizi kwa kutolipa tu. Dawa yake ni madai ya kawaida mahakamani, na ushahidi wa madai ni maandishi. Kwa hiyo mnapokopeshana au kuuziana, andikeni, tieni sahihi, wawepo mashahidi. Naye abadilishaye hati hiyo baadaye, au atiaye sahihi ya mwingine kwa nia ya kudanganya, ameghushi, na hilo ni kosa peke yake.

Mwisho ni mpokeaji. Mnunuzi wa redio kwa bei ya mkate, saa ya usiku, nyuma ya duka, asiseme hakujua. Kupokea mali ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi kwaweza kuleta kifungo cha hata miaka 14, kupita mara nne kile cha wizi wa kawaida. Sababu yake yaeleweka: kama hapangekuwa na wanunuzi, wezi wangepungua.

Mabwana na Mabibi, mtu aweza kuniuliza, "Mgawanyo huu wanifaa nini mimi mkulima?" Wakufaa mara mbili. Kwanza, ukienda kituo cha polisi, usiseme tu, "Fulani ameniibia." Eleza yaliyotukia kwa taratibu: ulimpa au alichukua? Alisema maneno gani hasa, na nani aliyasikia? Kwa maelezo hayo shtaka la haki huandikwa, nalo husimama.

Pili, na hili ndilo zito kuliko yote: mara nyingi kelele ya "Mwizi! Mwizi!" hupigwa sokoni, mawe yakarushwa kabla ya mtu kuuliza lolote. Huenda yule anayepigwa ni mdaiwa tu. Huenda alikichukua kitu akidhani ni chake. Na hata akiwa mwizi wa kweli, mmeona kwamba wizi wa kuku una kifungo kisichozidi miaka 3, hauna kifo. Anayemwua kwa mawe hakutekeleza sheria. Amejitia katika shtaka la kuua mtu. Sheria yamruhusu raia kumkamata aonwaye akiiba, lakini yamlazimu kumkabidhi kwa polisi bila kukawia.

Za mwizi ni arobaini, walisema wazee wetu. Na siku ya arobaini ikifika, na tumpeleke penye hakimu, tukiwa na maneno ya kweli vinywani na mikono isiyo na damu.