CHANDARUA KIMOJA, HASARA MBILI

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu mmoja, mwenye duka, mbele ya ndugu wavuvi wa visiwani waliokwenda dago Kimbiji, pwani ya kusini ya Dar es Salaam. Twaipiga chapa kama ilivyosomwa.)



Mimi si tabibu, wala si bingwa wa mambo ya bahari. Elimu yangu ni ya chuoni, na kazi yangu ni mizani na daftari la madeni. Walakini mwenye duka huona anachokinunua mtu siku ya uzima wake, na huona pia anachokinunua siku ya maradhi yake. Leo nataka kuziweka siku hizo mbili katika mizani moja.

Mwanzo wa masika mmoja alinijia mvuvi, akataka uzi wa nailoni na sindano. Nikamwuliza, “Vya nini?” Akanijibu bila ya kuficha kwamba anavyo vyandarua vitatu, alivyopewa bure kwa kujikinga na mbu, naye ataka kuviunga viwe juya la kukokotea dagaa. Nikampimia uzi, nikapokea fedha, nikanyamaza. Mvua hazijesha, mkewe akaja dukani na mtoto mgongoni, mwili wake wawaka moto, akitaka vidonge kwa mkopo. Nikampa nauli, nikamwambia ampeleke mtoto hospitali apimwe kwanza. Mtoto alipona, Alhamdulillahi. Lakini tangu siku ile, uzi niliouuza umekuwa mzito rohoni mwangu kuliko gunia la mchele.

Ndugu zangu, tutazame hasara ya kwanza. Mwaka 1897, huko Uhindi, Daktari Ronald Ross aliviona vijidudu vya malaria ndani ya mwili wa mbu, na tangu hapo watu wakajua ni nani adui. Mbu huyo huuma khasa usiku, tukiwa tumelala. Basi mwenye kukitoa chandarua kitandani ameufungua mlango na kumwita mwizi kwa jina lake.

Na khatari hii haiishii Kimbiji. Kwetu Unguja na Pemba, kwa vyandarua vyenye dawa, kupuliza dawa majumbani na kupima wagonjwa, malaria ilishushwa hata ikawa, kwa miaka mingi, wenye vijidudu hawafiki mtu mmoja katika mia. Hapana shaka hiyo ni neema kubwa. Lakini mbu wa kwetu hawakwisha, na sehemu kubwa ya malaria inayopatikana visiwani huja ndani ya damu za wasafiri kutoka Bara. Mtu akilala dago bila ya chandarua, kisha akatweka tanga kurudi nyumbani, aghalabu hajui mzigo aliouchukua. Akiumwa na mbu wa kwao, mzigo umeteremka, na atakayeubeba ni mtoto wa jirani.

Hasara ya pili imo baharini. Matundu ya chandarua yamefanywa ili mbu asipite. Kitu asichopita mbu, samaki mchanga atapita wapi? Tasi na changu hukulia katika majani ya bahari na katika maji machache ya ufukweni, na huko ndiko juya lile linakokokotwa. Tunatoa kapu moja la vitoto visivyojaza kiganja, na kumbe tumekula samaki wa miaka inayokuja. Samaki akiadimika, chungu hubaki na muhogo mtupu. Na mtoto asiyepata kitoweo hudhoofika, na mtoto dhaifu homa humlaza upesi. Hivyo hasara ya pwani inarejea kitandani, pale pale kilipotolewa chandarua.

Huenda mtu akasema: bahari ni bahari, na mwili ni mwili. Na akumbuke kisiwa cha Panza, Pemba. Mwezi wa Machi 2024 watu walikula nyama ya kasa, wakafa watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine 78 wakalazwa. Mwezi wa Novemba 2021 walikuwa wamekwisha kufa watu saba, Pemba hiyo hiyo, kwa nyama hiyo hiyo. Wataalamu wanadhani kwamba kasa huipata sumu hiyo katika anavyovila baharini. Na moto wa jikoni hauiondoi. Hata mtoto anyonyaye aweza kudhurika kwa maziwa ya mama aliyekula. Basi yaliyomo baharini yamefika hata kifuani mwa mama. Mpaka uko wapi?

Sisemi haya kwa kuwalaumu maskini. Sheria za uvuvi zimekataza majuya ya kukokota na nyavu za matundu madogo, nami naziunga mkono. Lakini sheria peke yake haipakuliwi sahanini. Mwenye kumnyang’anya mvuvi juya lake, pasipo kumwonyesha njia ya kupata wavu wa halali, amemwacha na njaa yake, na njaa haina masikio. Haki hii tuidai kwa wenye madaraka bila ya kuchoka, wala tusiingoje tumekaa kitako.

Mimi nimeanza na nafsi yangu: uzi wa kuunga chandarua hautoki tena dukani kwangu, na mwenye kutaka uzi wa kutengeneza wavu wa halali nitamwandikia deni kwa moyo mkunjufu. Nanyi nakuombeni mambo mawili. Kila mmoja alale ndani ya chandarua chake hapa dagoni. Na kila mwenye homa apimwe kabla ya kupanda chombo, na akifika nyumbani ikimshika, apimwe tena.

Tuliambiwa chuoni kwamba mwili ni amana. Na pwani inayoulisha mwili huo ni amana pia. Hatuwezi kuila moja tukairudisha ya pili salama.

Wassalaam.