Tuwe Fimbo ya Karibu kwa Askari Aliye Mbali



Wengi wenu mna mwana, mume au ndugu aliye jeshini. Jeshi la Uganda liliingia Somalia mwezi Machi 2007. Jeshi la jirani zetu wa Kenya likafuata Oktoba 2011. Kwa hiyo, pande zote mbili za mpaka huu zina nyumba zinazomsubiri mtu.

Maisha ya kambini yana utaratibu usiobembeleza. Askari huamka kabla ya jua, akafanya mazoezi, usafi na kwata, akasafisha silaha, kisha akaingia zamu ya lindo. Chakula ni posho na maharagwe, leo na kesho. Awapo lindoni hapokei simu, na huenda siku kadhaa zikapita bila kusikika sauti yake. Si kwamba amewasahau. Apatapo nafasi, maswali yake ni yaleyale: Mtoto amepona? Karo imelipwa? Mvua imenyesha? Sisi polisi twayafahamu hayo, maana wengi wetu tumelala katika vile vibanda vya mabati ambavyo ufupi wa mlango wake ulivipatia jina la "mama ingia pole".

Wazee wetu waliopigana Burma mwaka 1944 walisubiri barua kwa muda mrefu. Siku hizi habari hufika kwa dakika moja. Lakini uongo nao hufika kwa dakika hiyohiyo.

Mama mmoja alifika kituoni kwetu akilia. Mtu asiyemjua alikuwa amempigia simu, akajiita daktari wa jeshi, akamwambia kwamba mumewe amejeruhiwa na fedha za matibabu zatakiwa upesi. Mama huyo aliuza ng'ombe wa pekee, akatuma fedha. Jioni mumewe akapiga simu mwenyewe, mzima kabisa. Mchana kutwa alikuwa lindoni. Ng'ombe hakurudi.

Ndugu zangu, jeshi halitozi familia fedha ili kumtibu askari aliyejeruhiwa kazini. Ukipata simu ya namna hiyo, usitume hata shilingi. Iandike namba hiyo, mwone mwenyekiti wa kijiji, kisha njoo kituoni au utupigie 999.

Jambo la pili ni ardhi. Baba akiwa mbali, mpaka wa shamba huanza kutembea usiku, na wakati mwingine anayeusogeza ni ndugu wa damu. Fahamuni kwamba Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 yataka ridhaa ya mke au mume kabla ya kuuza ardhi ambayo familia yaishi na kujipatia riziki. Askari hawezi kuiuza kwa simu bila mkewe kukubali, wala mke hawezi kuiuza bila mumewe. Shemeji na mjomba hawana mamlaka hayo kabisa.

La tatu, tupime maneno tunayompelekea askari. Umbea juu ya mkewe, ukimfikia usiku akiwa na bunduki mkononi, waweza kuleta msiba kambini na nyumbani. Kama kuna jambo la kweli, lipelekwe kwa wazee au kwa maofisa wetu wa mambo ya familia, nasi tutalishughulikia kwa siri.

Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Askari aliye Mogadishu hawezi kumfukuza mwizi uani kwake Busia. Fimbo ya karibu ni jirani, ni mwenyekiti, ni sisi polisi. Yeye analinda kwa niaba yetu. Nasi tumlindie mlango wake, ili siku arudipo na begi lake begani aikute nyumba kama alivyoiacha.