Mwaka wa Kanisa, Mwalimu wa Wanakwaya

Mafundisho kwa wanakwaya na waumini wa Landless, Thika, katika maandalizi ya yubilei

Tumsifu Yesu Kristu!



Tumeombwa tuzungumze juu ya mwaka wa Kanisa na mafundisho yake. Kwa mwanakwaya hili ni jambo la kila wiki. Kabla mwalimu wa kwaya hajachagua hata wimbo mmoja, huuliza kwanza: tuko katika kipindi gani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua nyimbo, ngoma na hata makofi. Leo tuongeze swali la pili: je, kipindi kinabadilisha nyimbo zetu tu, au kinatubadilisha na sisi wenyewe?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha kwamba katika mzunguko wa mwaka Kanisa hulifunua fumbo lote la Kristu, tangu kuzaliwa kwake hadi Pentekoste, na hadi kungojea kuja kwake tena. Hati hiyo hiyo ilisema kwamba muziki mtakatifu ni hazina ya Kanisa na ni sehemu ya liturujia yenyewe. Kwa hiyo kwaya si pambo la Misa. Waumini wengi huanza kutambua kipindi kwa kile wanachokisikia kutoka kwetu.

Majilio: kujifunza kungoja

Mwaka wa Kanisa huanza Dominika ya kwanza ya Majilio. Wakati huo maduka ya Thika mjini huwa yameshaanza kupiga nyimbo za Noeli, na sisi tunazifanyia mazoezi. Kanisa linatuambia: ngojeni kidogo. Rangi ni zambarau, Utukufu hauimbwi katika Dominika hizo, na Mwongozo wa Misale unataka kinanda na ala nyingine zitumike kwa kiasi, ili furaha ya Noeli isiliwe kabla ya kuiva.

Watu wa hapa tunajua kungoja. Tunangoja mwisho wa mwezi, tunangoja hati ya kiwanja, tunangoja mvua. Mwezi wa Desemba mahindi yaliyopandwa kwa mvua za vuli bado hayajakauka, na hakuna mkulima anayeyavuna kwa hasira. Lakini pia hakai bure, anapalilia. Hivyo ndivyo Yohane Mbatizaji alivyofundisha kungoja, yaani kutengeneza njia. Kama kuna mtu ambaye kwa muda mrefu anangoja simu yetu, Majilio ndiyo wakati wa kumpigia.

Noeli: Mungu mpangaji

Yesu alizaliwa mahali pa kuazima, kisha akakimbizwa Misri akiwa mtoto mchanga. Wengi wetu ni wapangaji, na habari hiyo hatuhitaji kufafanuliwa sana. Mungu alipokuja kwetu hakuja kama mwenye ploti.

Noeli haiishi tarehe 25 jioni. Inaendelea hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, mwezi wa Januari. Hapo wengi huwa wamesafiri, na wanaorudi wanakutana na karo na kodi ya nyumba. Ndiyo maana mwezi huo tunauita Njaanuari. Mwanakwaya anayeimba vizuri usiku wa Noeli apongezwe. Anayemkumbuka jirani mwezi wa Januari ameielewa Noeli.

Kwaresima: kujifunza kunyamaza

Hiki ndicho kipindi kigumu zaidi kwa kwaya, kwa sababu tunaombwa tupunguze kile tunachokipenda. Katika Kwaresima ala hupigwa tu ili kutegemeza uimbaji, isipokuwa Dominika ya nne, ile ya furaha, pamoja na sherehe na sikukuu. Aleluya haisikiki tena hadi Mkesha wa Pasaka. Muumini anafunga chakula, kwaya inafunga Aleluya.

Kunyamaza kuna faida yake. Kinanda kinapotulia, besi anamsikia alto, na anayekosa noti anajisikia mwenyewe. Kwaya ambayo kila mmoja anataka sauti yake ipite za wenzake haiimbi, inashindana. Kadhalika moyo: ukipunguza kelele unasikia pale ulipopotoka.

Kila mwaka maaskofu wetu wa Kenya, kupitia Tume ya Haki na Amani, hutupatia Kampeni ya Kwaresima yenye mada za kutafakari kila wiki katika jumuiya. Mara nyingi tunaombwa kutazama uongozi, rushwa na matumizi ya mali ya umma. Tusiyaache maswali hayo kwa wanasiasa. Kwaya nyingi hazivunjwi na sauti mbaya. Huvunjwa na pesa za sare, pesa za kurekodi, na ugomvi wa nani atasimama mbele ya kamera. Hesabu ya kwaya inayosomwa mbele ya wote, hadi shilingi ya mwisho, ni tendo la Kwaresima sawa na Njia ya Msalaba.

Pasaka: kudumisha furaha

Alhamisi Kuu Utukufu unaimbwa kwa kengele, kisha kengele zinanyamaza. Ijumaa Kuu tunafuata Msalaba. Usiku wa Mkesha tunasimama gizani, moto mpya unawashwa, mbiu ya Pasaka inaimbwa, na Aleluya inarudi. Hakuna usiku mwingine ambao kwaya inahitajika namna hii.

Lakini Kanisa limeweka siku 40 za Kwaresima na siku 50 za kipindi cha Pasaka. Furaha imepewa siku nyingi kuliko toba. Tunajua jinsi ilivyo rahisi kujaza kanisa usiku wa Mkesha, na jinsi Dominika ya tatu ya Pasaka inavyokuja na mvua na matope, na viti vya kwaya vikaanza kuonekana. Kudumu katika furaha nako ni kazi, na kunahitaji neema kama kufunga.

Siku ya hamsini ni Pentekoste. Mitume walinena, na kila mtu akasikia kwa lugha yake. Thika ni mji wa viwanda na mashamba makubwa, na kazi imewaleta watu kutoka kila pembe ya nchi. Tunapoimba leo Kiswahili, kesho Kikuyu au Kikamba, hatutafuti kumfurahisha kila mtu. Tunakiri kwamba Roho ni mmoja, kama vile sauti nne zinavyokuwa wimbo mmoja.

Kipindi cha kawaida: uaminifu wa kila siku

Majuma 33 au 34 ya mwaka ni ya kijani. Hayo ni zaidi ya nusu ya mwaka. Tunasoma Injili hatua kwa hatua: Mathayo mwaka A, Marko mwaka B, Luka mwaka C. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi inaingia, jua halionekani, koo zinakauka, na mtu aliyetoka kazini amechoka anajiuliza kama kweli aende mazoezini. Hakuna kamera siku hiyo. Lakini hapo ndipo kwaya inajengwa, na hapo ndipo mtakatifu anatengenezwa.

Kanisa linatupa mifano katika kipindi hicho. Tarehe 3 Juni tunawakumbuka Karoli Lwanga na wenzake, Mashahidi wa Uganda, waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Tarehe 31 Oktoba ni siku ya Mwenyeheri Irene Stefani, mtawa Mkonsolata ambaye watu wa Nyeri walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Alitembea nyumba kwa nyumba akiwahudumia wagonjwa hadi alipofariki huko Gikondi mwaka 1930, na akatangazwa mwenyeheri kule Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Sifa yake ilitokana na mambo madogo yaliyofanywa kila siku kwa upendo.

Kisha inakuja Novemba, mwezi wa marehemu. Kwaya huitwa misibani kuliko karamuni. Kuna tuliowasindikiza hadi shamba la familia, na kuna tuliowasindikiza hadi makaburi ya umma kwa sababu hawakuwa na shamba. Wote wanastahili wimbo ule ule, na kwa moyo ule ule. Ndipo mwaka unafungwa na Kristu Mfalme, ambaye kiti chake cha enzi ni msalaba.

Yubilei: baragumu na upatanisho

Sasa tuje kwenye sherehe yetu. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mungu aliagiza mwaka wa hamsini uwe yubilei. Watumwa waachwe huru, na aliyeuza shamba lake kwa sababu ya shida alirudie. Mungu akakumbusha kwamba nchi ni mali yake, na sisi sote ni wageni kwake. Jina la mtaa wetu, Landless, maana yake ni watu wasio na ardhi. Sura hiyo, ndugu zetu, ikisomwa hapa inatuhusu kweli.

Tuangalie pia yubilei ilivyotangazwa. Ilitangazwa kwa sauti ya baragumu, na baragumu lilipigwa Siku ya Upatanisho. Wapiga muziki ndio waliowaambia watu kwamba wakati wa neema umefika. Ila sauti hiyo ilikwenda pamoja na kusameheana. Kwa hiyo kabla ya Misa ya shukrani, tunaomba mambo matatu.

Kwanza, kila mmoja amtafute mwanakwaya mmoja aliyeacha kuja. Tusimtumie ujumbe wa simu tu. Tumtembelee, tumsikilize, hata kama maneno yake yatatuuma.

Pili, mwenye deni la sare au la safari ambaye kweli hana uwezo, asamehewe, na jina lake lisitajwe mbele ya watu.

Tatu, wazee wetu ambao sauti zimechoka wapewe viti pamoja nasi siku hiyo, na watoto waketi karibu nao. Wanaotoka na wanaoingia waonane.

Yubilei itapita, na Majilio yatafika tena. Kalenda itakuwa ile ile, nyimbo nyingi zitakuwa zile zile. Tumwombe Mungu waimbaji wasiwe wale wale, bali watu waliojifunza kungoja, kunyamaza, kufurahi na kudumu.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, utuombee.

Tumsifu Yesu Kristu!